Mashine Mbili Sebuleni kwa Mzee Ludoviko

Siku yangu ya kwanza kazini, Meneja alinipa kitambaa laini cha kufutia vioo vya skrini akaniambia nisiguse kitu kingine mpaka atakaponiruhusu. Ilikuwa mwaka 1990. Duka letu lilikuwa katikati ya mji wa Kigali. Tuliuza redio, televisheni na, kwa watu wachache waliokuwa na hamu hiyo, kompyuta za nyumbani.

Nilikuwa nimemaliza shule ya msingi tu, na nilikuwa mtu wa haya. Mteja akiniuliza jambo, niliangalia kwanza viatu vyake. Kiswahili ndicho kilichonipatia kazi. Nilikulia mtaa wa Nyamirambo, ambako watoto wa kila dini tulicheza kwa Kiswahili, na Meneja, aliyetoka Mombasa, hakujua Kinyarwanda zaidi ya salamu.

Vijana wa leo wakisikia neno kompyuta wanafikiria kitu kimoja. Siku zile kuchagua kulikuwa kazi kubwa. Kulikuwa na aina tuliyoiita ya televisheni. Hiyo, mashine nzima ilikuwa ndani ya kibodi, yaani ubao wa herufi, nawe uliiunganisha kwa waya na televisheni yako. Programu zake zilikuwa kwenye kaseti za kawaida kama za muziki. Uliweka kaseti, ikapiga kelele, ukaenda kuchemsha chai, ukirudi labda imekubali. Aina ya pili tuliiita ya mezani. Ilikuwa na sanduku lake, skrini yake, na ilihifadhi maandishi kwenye disketi, kijisahani chembamba ndani ya ganda la plastiki. Hiyo ilikuwa ghali, na ilitaka regulateri, chombo cha kutuliza umeme unapopanda na kushuka.

Halafu kulikuwa na mambo ambayo mteja hakuyajua mpaka yamkute nyumbani. Mashine zilizotoka Ulaya zilikuwa na mpangilio wa herufi wa Kifaransa, zilizotoka Dubai zilikuwa na wa Kiingereza. Aliyezoea mmoja alipotea kwenye mwingine. Televisheni nazo hazikupokea rangi kwa mfumo mmoja. Ukikosea, picha ilitoka ya kijivu, na mteja alirudi dukani na maneno makali.

Kwa hiyo Meneja alikuwa na desturi yake, ambayo sijaiona kwa mfanyabiashara mwingine. Tuliiita kulaza. Mteja akionyesha nia ya kweli, tulipeleka mashine kwake ikalala kwanza, pengine wiki, kabla hajalipa chochote.

"Dukani watu wanaangalia tu," alikuwa akisema. "Nyumbani ndipo wanajua wanataka nini. Na wewe Kalisti utakwenda nayo. Utakaa nao. Ukiona hawaielewi, usiondoke."

"Bosi, mimi sijui kuongea na watu."

"Hiyo ndiyo sababu nakutuma wewe. Fundi Mkuu anaongea mpaka mteja anasahau kununua."

Fundi Mkuu alikuwa pale pale, bisibisi mdomoni. Aliitoa akasema, "Bosi, mimi nawaelimisha." Kisha akairudisha.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kazi, katika sebule za watu, mashine ikiwa juu ya meza iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. Tuliendelea hata vita vilipoanza upande wa kaskazini na mizigo ikawa inachelewa miezi.

Mwaka 1993 alikuja dukani Mzee Ludoviko wa mtaa wa Kacyiru. Alikuwa amestaafu kazi ya wizara. Mwaka 1990, vita vilipoanza, alifungwa bila kosa, kama Watutsi wengi wa mji huu, na alipotoka alikuwa anatembea kwa kuchechemea. Alikuja na binti yake Goreti, mwalimu wa shule ya msingi. Mzee alitaka ile ya televisheni. Goreti alitaka ya mezani, apige chapa mitihani na masomo ya kusoma kwa wanafunzi wake. Walibishana mbele yangu mpaka Meneja akasema, "Zilale zote mbili."

Tulizipeleka kwa kamionete, gari dogo la mizigo la duka. Mama Goreti alitupokea mlangoni akiwa na mashaka.

"Hii iko inafanya nini?" aliniuliza.

"Inaandika, Mama. Na ina michezo."

"Na itakaa kwenye televisheni yangu?"

"Ile moja, ndiyo."

"Basi hiyo ishinde njaa. Mimi niko na kanda za kwaya."

Mzee alicheka. Mashine yake ilikuwa na mchezo wa kutua ndege, na aliupenda kama mtoto. Televisheni yao ilikuwa ya mfumo wa Kifaransa, kwa hiyo ndege ilikuwa ya kijivu, mbingu ya kijivu na uwanja wa kijivu. Hakujali. "Ni ukungu wa asubuhi," alisema. "Rubani mzuri anatua hata kwenye ukungu." Alianguka kila mara.

Shida ya Goreti ilikuwa nyingine. Mashine ya mezani tuliyobaki nayo ilikuwa na herufi za mpangilio wa Kiingereza, naye alifundishwa kupiga chapa kwa ule wa Kifaransa, vidole kumi, bila kuangalia. Fundi Mkuu aliibadilisha kwa ndani, lakini juu ya vitufe alama zilibaki zilezile, na kila jicho lake liliposhuka lilimdanganya. Nikasema nitamtengenezea alama. Nilikata vipande vidogo vya karatasi, nikaandika herufi moja moja, nikavibandika juu ya vitufe na kuvifunika kwa utepe mwangavu wa plastiki. Naandika polepole. Kazi ile ilichukua ziara kadhaa, na Goreti alikaa pembeni akinipa vipande.

"Unaandika kama mtu anayeshona," aliniambia.

"Nimezoea hivyo."

"Sikusema ni vibaya. Wanafunzi wangu ningetaka waandike hivyo."

Nilishika kipande cha herufi nyingine. Lakini tangu siku hiyo nilijua ninachokitaka: mashine zile zisichaguliwe kamwe. Wakichagua, safari zangu zimekwisha. Na nilianza kuona kwamba Goreti naye hana haraka. Kila Mzee alipomuuliza kama ameridhika, alisema bado anajaribu.

Meneja aliniita. "Kalisti, mashine zangu zimelala kule mpaka zimeota ndoto. Unauza, au umeoa?"

Fundi Mkuu alicheka mpaka akashika meza.

"Leo nenda uwape neno lako," Meneja aliendelea, sasa bila mzaha. "Wanakuamini. Usiwaachie mashine isiyowafaa, na usiwachoshe."

Nilikwenda. Walikuwa wameketi wote watatu. Mzee akasema, "Kijana wangu, sisi tumeshindwa. Wewe unasemaje?"

Ningeweza kusema tungoje mzigo mwingine. Lakini nilikuwa nimemwona Goreti akichapa mtihani mzima bila kuangalia chini, na nilikuwa nimemwona Mama akikaa jioni bila kwaya yake. Nikasema, "Chukueni ya mezani. Ile nyingine ni nzuri, lakini inawanyang'anya televisheni, na kazi ya mwalimu haiwezi kukaa kwenye kaseti. Fundi Mkuu atamwekea Mzee mchezo wa ndege kwenye disketi."

"Ukungu utakuwepo?" Mzee aliuliza.

"Utakuwepo, Mzee."

Basi ikaamuliwa. Nilizikunja waya za mashine ya kurudisha dukani. Goreti alinisindikiza hadi langoni.

"Sasa tumechagua. Utakuja kufanya nini tena huku?"

"Vumbi," nikasema. "Mashine hizi zinaharibiwa na vumbi. Zinahitaji kufutwa."

"Kila lini?"

"Kila Jumamosi."

Mama Goreti alikuwa dirishani. Nilimsikia akicheka, kisha akaita, "Goreti, mwambie na kabati langu lina vumbi!"

Nilikwenda kila Jumamosi, hata zile ambazo vizuizi vya barabarani vilinichelewesha. Nilifuta mashine isiyokuwa na vumbi. Goreti alichapa, Mzee alianguka na ndege yake, mimi nilikunywa chai. Maneno machache sana yalipita kati yetu, na sikumbuki kama nimewahi kuwa na furaha zaidi ya ile.

Kwetu kijana hajisemei. Mkubwa wa ukoo wake ndiye anayetangulia kwenda kwa kina msichana, kubisha na kujitambulisha. Tunaita gufata irembo, kushika mlango wa ua. Mwanzoni mwa mwaka 1994 nilimwendea baba yangu mkubwa, dereva wa lori la Mombasa. Nilimwambia tu kwamba kuna nyumba ninayotaka anifikie. Hakuniuliza jina.

"Nina mzigo wa kuchukua," alisema. "Baada ya Pasaka nitavaa koti langu na tutakwenda."

Pasaka ilipita, na siku chache baadaye mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza. Mzee Ludoviko, mkewe na Goreti waliuawa nyumbani kwao katika siku za mwanzo.

Baadaye nilifanya kazi miaka mingi. Duka lile halikufunguliwa tena, lakini nilipata mengine. Niliona skrini zikiwa nyembamba, kisha kompyuta zikakunjwa na kubebwa kwapani. Sasa nimestaafu, na vijana wa ukoo wanakuja kuniuliza wanunue ipi. Ninawaeleza ninayoyajua. Nikiwaambia kwamba zamani mashine mbili zililala nyumbani kwa watu kabla hawajatoa hata faranga, na kwamba mfanyakazi alikaa nao wakabishana, wananisikiliza kwa adabu. Lakini nikisema ninaitamani kazi ile, hawaelewi. Wanafikiri natamani zile mashine.

Mwaka ule baba mkubwa alizuiliwa mpakani muda wote wa mauaji. Aliporudi Kigali vita vilikuwa vimekwisha. Alinikuta nimekaa, akaniuliza ni nyumba gani niliyotaka afike. Nikamwambia jina. Nikamwambia na yaliyotokea. Akaingia ndani. Alitoka amevaa koti.

"Twende," alisema.

Tulikwenda Kacyiru kwa miguu. Lango lilikuwa limeng'olewa, zimebaki nguzo. Baba mkubwa alisimama nje, hakupita. Akabisha kwa vidole juu ya nguzo.

"Hodi kwako, Mzee Ludoviko," alisema kwa sauti ya mtu anayetaka asikike hadi sebuleni. "Mimi ni mkubwa wa ukoo wa kijana huyu. Tumechelewa. Tulikuja kuomba mtufahamu."

Alingoja kwa muda ambao mgeni hungoja. Kisha akavua kofia, akanigeukia.

"Nieleze huyo binti alikuwaje."

Nikaanza kumweleza, tumesimama pale pale kwenye nguzo, na mvua ikatukuta bado ninaeleza.