Heshima Iliyomezwa na Pambizo

Kurebayashi, mchapaji wa mji wa Iida huko Japani, akiulizwa kazi yake hujibu, "Mimi ni profesa wa pambizo." Na mkewe Sayo, bila hata kuinua macho kwenye karatasi anazozikunja, humalizia, "Profesa aliyesomea rula ya plastiki." Kurebayashi hucheka kuliko wote, maana ni kweli tupu.

Printa yake kubwa hupokea amri kwa lugha mbili. Kwa lugha ya kwanza huchapa karibu kabisa na ukingo wa karatasi, zikabaki milimita nne tupu. Ya pili ina woga: hubakiza sita, na herufi isiyoenea hapo huitupa nzima, wala haikuambii. Milimita mbili! Kurebayashi amewahubiria wateja habari hiyo miaka ishirini, watake wasitake.

Basi mwezi wa tano mtaa ukaamua kumpa hati ya heshima Mwalimu Mikoshiba, aliyetimiza miaka themanini na minane. Nusu ya mtaa walipita mikononi mwake, Kurebayashi akiwemo, na kosa moja hakulisamehe kamwe: kumtaja mtu mzima jina tupu. Kurebayashi alitamani, walau mara moja maishani, mwalimu huyu amsifu. Akapanga maandishi wima, jina likateremka hadi chini, na "sama", ile herufi moja ya heshima inayofuata jina, ikakaa mwishoni kabisa.

"Iko chini mno," Sayo akamwambia.

"Mama, unabishana na profesa?"

Kumbe kompyuta mpya ilikuwa imejichagulia ile lugha ya woga. Hati ilipotoka, profesa akaipima pande zote nne, akaufurahia upande wa chini. "Tazama nafasi ilivyopumua hapa!" Kupima alipima. Kusoma hakusoma.

Ukumbini, mwenyekiti wa mtaa, Nezu, akaishika hati kwa mikono miwili na kuisoma kama ilivyoandikwa: "Mikoshiba Tomie."

Akaigeuza, akachungulia nyuma.

"Ah! Kwani huyo anaita paka?" mzee mmoja akanong'ona, na ukumbi mzima ukasikia.

Kurebayashi akasimama, masikio yanawaka. "Samahani, Mwalimu. Ni mimi. Sama yako imebaki ndani ya printa."

"Tetsuji," mwalimu akasema, akimwita kwa jina lake la darasani, "si wewe unayejiita profesa?"

"Nimestaafu sasa hivi, Mwalimu."

Watu wakaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. "Leteni brashi na wino. Aandike mwenyewe."

Hapo ndipo jasho lilipomtoka. Mwandiko wake ulikuwa mbaya hivi kwamba hata risiti aliona haya kuziandika. Ndiyo maana alinunua printa. Akapiga magoti mbele ya meza, akaandika. Herufi ikatoka imepinda mgongo, na mkia wake ukavuka milimita sita, ukavuka nne, ukavuka karatasi yenyewe, ukaishia kwenye kitambaa cheupe cha meza.

Mwalimu akaisogeza hati karibu na macho.

"Mbaya kama ulivyoandika darasa la tatu," akasema. "Lakini inasomeka. Mwenyekiti, anza upya."

Nezu akasoma tena, na alipofika "Mikoshiba Tomie sama" mwalimu akainama kwa adabu, kwanza kwa mwenyekiti, kisha, kidogo tu, kwa Kurebayashi. Yeye hakujua kama hiyo ndiyo sifa aliyoitamani. Aliinama pia, chini sana, akajigonga paji la uso kwenye meza.