Siku Saba za Bi Timazi

Mtaa mzima ulimwita Bi Timazi, kwa ile kamba yenye uzito ya kupimia kama ukuta umenyooka, maana ukuta ukipinda hata unywele mmoja aliubomoa mwenyewe bila kuombwa. Mwanamke mwashi, miaka arobaini na mwiko mkononi! Alipofika sabini na mbili akawa anamjengea bintiye nyumba ya ghorofa. Akafika kwenye ngazi, nguvu zikamwisha, fizi zikawa zinatoka damu. Hospitali wakampima uboho, ule ute wa ndani ya mifupa, wakasema ni saratani ya damu, ile kali inayokwenda mbio.

"Ngazi zangu asiziguse mtu," alimwambia bintiye. "Nitazimaliza mwenyewe."

Binti akaitikia, kisha akaenda kulia jikoni.

Daktari, kijana asiyejua kupamba maneno, alieleza kwamba kwa umri ule tiba kali ingemmaliza kabla ya ugonjwa. Zilikuwepo dawa mbili za kutumiwa pamoja: sindano siku saba, na vidonge vya kila siku. "Ila bibi, sikufichi. Kwenye utafiti walipata nafuu wengi kuliko ninaowaona humu wodini. Wale walichaguliwa. Wangu wanakuja na presha, na uzee, na wamechelewa."

"Mwanangu, ramani ni ramani, kiwanja ni kiwanja," Bi Timazi akasema. "Wewe chimba msingi."

Basi ona alichofanya, mtu na akili zake timamu! Sindano alichomwa zote saba. Vidonge akavifungia kabatini. Siku ya nane binti akafungua, akakuta pakiti nzima.

"Mama! Unataka kufa?"

"Zege hunyunyiziwa maji siku saba, ndipo libebeshwe mzigo. Sindano ndiyo maji, vidonge ndio mzigo. Nangoja likomae."

Binti alimkokota hadi kwa daktari. Daktari akashika kichwa. "Bibi, wewe hupiga plasta ya saruji leo, mchanga ukautia wiki ijayo?"

"Haishiki hiyo," Bi Timazi akakiri. Aliona aibu ya fundi, na hakuna aibu inayouma kama hiyo.

Mzunguko wa pili wa dawa akazitumia zote mbili pamoja. Lo, zilimchapa! Chembe za damu zikashuka, homa ikamlaza wiki mbili. Daktari alipopunguza siku za vidonge, mgonjwa akagomba: "Unaniibia saruji!" Lakini uboho ulipopimwa tena, saratani haikuonekana. Daktari aliisoma karatasi mara mbili.

"Dawa tunaendelea nazo," alisema, "ila leo, bibi, umetuweza." Binti akapiga kigelegele mpaka muuguzi akachungulia mlangoni.

Nguvu ziliporudi, Bi Timazi akamwaga zege la ngazi kwa mikono yake. Asubuhi saba mfululizo alimeza vidonge vyake, akachukua ndoo, akanyunyizia maji, na ole wake ambaye angekanyaga. Siku ya nane akapanda mwenyewe, polepole, mkono ukutani, hadi juu kabisa.

"Binti yangu!" akaita. "Njoo upande. Zimekomaa."