Pembetatu ya Kamba Uwanjani

Nilifika Kasese mwishoni mwa miaka ya sitini, nikiwa na miaka ishirini na mbili, cheti kipya cha ualimu na sanduku la bati. Nilikuwa nimetoka kwetu Bwera, ambako hata mbuzi walinijua. Shule niliyopangiwa ilipakana na kambi ya jeshi, na watoto wa darasa langu la sita walitoka kila pembe ya Uganda: Waacholi, Wateso, Walugbara, Wakonzo wenzangu, pamoja na binti mmoja mpole wa wafanyabiashara waliohama kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka wa Kongo. Kiingereza cha kitabuni kikitushinda, tulikimbilia Kiswahili, kila mtu na chake.

Muhula ule hesabu ndiyo iliyotushinda. Nilichora miraba ubaoni, nikaandika namba chini na kando, nikasema, "Tatu, tano. Nani ataniwekea nukta?" Nusu ya darasa waliiweka penye tano, tatu. Nikarudia kesho yake, na keshokutwa. Karatasi za miraba hatukuwa nazo, na ubao wenyewe ulikuwa umechakaa hata mistari haikuonekana kutoka nyuma. Na hapo bado hatujafika kwenye kuhamisha nukta! Nilirudi nyumbani nikijiuliza kama kweli mimi ni mwalimu.

Jumamosi nilidandia lori hadi Muhokya, kwenye tanuri za chokaa, nikarudi na nusu gunia. Jumatatu, kabla jua halijawa kali, tulitoka uwanjani, tukapima hatua kumi kwenda kulia na kumi kwenda mbele, tukachora miraba mikubwa ya kuingia mtu. Pembeni, penye sifuri, tuliweka jiwe.

"Leo nukta ni ninyi," niliwaambia.

Walipiga kelele za furaha. Nikawapa kamba ndefu ya katani. Mmoja alisimama penye mbili, moja. Mwingine penye sita, moja. Nilikuwa natafuta wa tatu, sauti nzito ikatoka upande wa kambi.

"Nani nafundisha watoto kwata mbaya namna hii? Mistari iko wapi?"

Alikuwa sajenti, baba wa mmoja wa wanafunzi wangu, amevaa sare iliyonyooshwa ikanyooka. Watoto walikauka. Nilimjibu, "Si kwata, afande. Ni hesabu. Nahitaji mtu mmoja. Tafadhali, simama penye mbili, tano."

Alinitazama, akatazama miraba, kisha akashika kamba na kuondoka kwa mwendo wa gwaride: tano kulia, mbili mbele. Akapiga mguu chini, vumbi likaruka.

Hakuna aliyethubutu kumsahihisha, hata mwanawe. Ndipo yule binti wa Butembo, ambaye tangu muhula uanze sikuwa nimesikia sauti yake zaidi ya mara mbili, akasogea.

"Afande, hapana hapo," alisema polepole. "Unaanza na ile ya kuume. Kuume iko mbili tu. Kisha unapanda tano."

Sajenti alimkazia macho. Nilikuwa tayari kuingilia. Akakaza mikono ubavuni, akampigia saluti kamili.

"Ndiyo, afande!" akanguruma, akarudi kwenye jiwe na kuanza upya.

Watoto walicheka hadi wengine wakakaa chini. Binti alifunika uso kwa mikono, lakini niliona meno yake.

Sasa pembetatu ilikuwa imesimama, kamba imekaza pande zote. "Kila mmoja, tatu kulia, mbili mbele," nilisema. Sajenti alichukua kazi yangu bila kuombwa: "Kulia, tatu! Moja, mbili, tatu! Mbele, mbili!" Wakasimama penye tano, tatu, na penye tisa, tatu, na yeye penye tano, saba.

"Kamba imelegea?" niliuliza.

"Hapana!"

"Imevutika?"

"Hapana!"

Yule binti alikuwa akiifuata kwa kidole, pembe hadi pembe. "Madamu," alisema, "ni ile ile. Imehama tu, haikubadilika."

Siku tatu za chaki hazikunipa sentensi ile.

Tulihamisha pembetatu, miraba, hata herufi ya jina la shule, mpaka kengele ya mapumziko ikalia na hakuna aliyeondoka. Sajenti alijifuta jasho, akaniambia kwamba shuleni kwao zamani walipigwa tu viboko, hawakuchezeshwa hesabu.

Alhamisi mvua ilishuka kutoka milimani na kufuta chokaa yote. Ijumaa nilipofika niliwakuta watoto wamekwisha kuja na majivu ya jikoni kwao kwenye makopo. Walikuwa wakichora miraba upya, na yule binti alikuwa katikati, akibishana na mtoto wa sajenti kwa sauti ya juu kuhusu mahali pa kuweka sifuri. Niliweka vitabu vyangu chini ya dirisha, nikawaacha waendelee.