Vidonge vya Watu Wawili

Mtaa mzima ulimwita Mama Vifungo, maana matundu ya vifungo aliyoshona kwa mkono yalishinda ya mashine. Mafundi wenye vyerehani vya umeme walimletea mashati kimyakimya, wakijifanya wanapita tu. Kazi ile ni ya macho, na jicho lake la kushoto lilikuwa jekundu mwezi wa nne sasa. Kila asubuhi kope ziliamka zimegandamana kwa tongotongo.

Mumewe alikuwa na duka la dawa pale kona. Mpole, msemaji mzuri. Watu walimwita Daktari, naye hakuona haja ya kuwasahihisha. Alimtilia mkewe matone ya kila aina. Jicho lilitulia siku tatu, kisha likarudi palepale.

Muuguzi wa kliniki ya macho ndiye aliyefunga mlango akamwambia.

"Dada, hii ni klamidia, ugonjwa wa zinaa. Inakaa sehemu za siri, kimya, mkono unaipeleka jichoni. Matone peke yake hayaiponyi. Mmeze vidonge wote wawili, wewe na mumeo. Ukimeza peke yako, unatwanga maji kwenye kinu."

Maishani mwake hakuwahi kujua mwanamume mwingine. Kikulacho ki nguoni mwako, na wa kwake alikuwa kwenye shuka. Alirudi nyumbani kabeba aibu isiyo yake, akameza vyake, vya mume akaviweka mezani na glasi ya maji.

"Macho yangu mazima," mume akasema.

"Najua. Sikuulizi uliitoa wapi. Naapa sitauliza mpaka naingia kaburini. Wewe meza tu."

Mwanamume mwenye haya angemeza upesi na kushukuru. Huyu aliona kumeza ni kukiri, na heri jicho la mke liharibike kuliko yeye kukiri. Alitia vidonge mfukoni, kesho yake vikawa kwenye rafu ya duka.

Jicho lilipona wiki tano, likarudi, safari hii na la kulia likafuata. Mama Vifungo akahamishia mto wake chumba cha watoto. Siku ya tatu mama mkwe alifika kuuliza kulikoni, mwanawe amekosa nini. Angemjibu nini mama wa watu? Mto ukarudi, ugonjwa ukabaki.

Mchana mmoja alimpelekea mumewe chakula dukani, akakuta mama mmoja kijana ameshika cheti cha daktari. Daktari wetu alikuwa akimweleza taratibu, kwa huruma kabisa.

"Hivi vyako, hivi vya mzee nyumbani. Lazima ameze naye, dada yangu, la sivyo itakurudia."

"Na akikataa?"

Mumewe akacheka. "Mume gani huyo atamkatalia mkewe dawa?"

Mama Vifungo akaweka bakuli juu ya kaunta, akasema karibu chakula, akarudi kwenye mashati ya watu ambayo sasa aliyashona kwa kupapasa.