Mvi za Udongo wa Ikombe

Nianze na aibu yenyewe, msije mkasema niliificha: mimi Ambakisye, mwana wa mtu mwenye heshima zake, niliwahi kuvuliwa uzee mbele ya soko zima la Lyulilo, nikanyolewa kwa kigae cha chungu, wanawake wakiwa wamesimama na samaki wao mikononi wananitazama, na hakuna hata mmoja niliyeweza kumlaumu kwa kucheka. Nilikuwa kijana aliyeoa juzi tu. Ule uzee nilikuwa nimejipaka.

Ilikuwa wakati wa Mjerumani, vita vyake na Mwingereza vimeshaanza, na sisi wa upande huu wa ziwa vita tulivijua kwa jambo moja tu, upagazi. Askari walikuja na kamba, wakawatazama watu kama mtu anayechagua mkungu wa ndizi, huu umekomaa, huu bado, huu umeiva mno, na waliochaguliwa walibebeshwa mizigo wakapanda nayo milimani, na wengi hatukuwaona tena. Mimi na mke wangu Subilaga tulikuwa hatujavuna pamoja hata mpunga wa mara ya pili. Niliogopa, sioni haya kusema hivyo. Nikawachunguza wale askari nikaona kwamba, kwa kuwa ni wageni na hawajui nani kazaliwa lini, wanatazama kichwa. Kichwa cheusi, simama. Kichwa cheupe, shikamoo babu, kaa zako.

Basi nikamwendea Bibi Sekela. Huyu alikuwa mfinyanzi wa Ikombe, mama mmoja mnene wa maneno machache, aliyekuwa akivuka na mtumbwi kila siku ya soko kuleta vyungu Lyulilo, na vyungu vyake alivichora shingoni kwa udongo mweupe usio na mfano. Nikamwomba donge moja la ule udongo, kama ngumi hivi. Akataka kuku. Nikampa kuku, nikajiona mjanja kuliko vijana wote wa pwani ya ziwa (kuku mmoja kwa kuokoa shingo yangu, nani angekataa?).

Askari walipokuja nilikuwa tayari, nywele nyeupe, nyusi nyeupe, mgongo nimeukunja, fimbo mkononi. Yule aliyeongoza, mtu mrefu mwenye kovu shavuni, akasimama mbele yangu.

"Shikamoo babu. Mbona uko huku kwa vijana?"

Hapo ndipo nilipokumbuka kitu ambacho hata mtoto wa kwetu asingesahau. Sisi Wanyakyusa wakati ule, vijana tulijenga kijiji chetu na wazee wakakaa chao, kwa sababu mke wa kijana hatakiwi kumwona baba mkwe wake wala kuonwa naye. Akimkuta njiani hujifunika na kujitupa majanini mpaka mkwe apite. Na huyo askari alikuwa amekaa kwetu muda wa kutosha kuujua huo utaratibu. Mzee gani anaota jua katikati ya nyumba za wakwe zake?

"Nimemfuata mwanangu," nikasema, kwa sauti ya kukwaruza.

"Yuko wapi?"

"Amekimbia."

Ona sasa, uongo wangu ulikuwa umezaa. Askari akakasirika kwa ajili yangu, akasema mtoto gani huyo anayemkimbia baba yake na kazi ya serikali kwa pamoja, nikimpata atabeba mzigo na viboko juu yake. Kisha kwa huruma kabisa akanishika mkono, akanisindikiza mpaka kijiji cha wazee, akamwambia mkubwa wa pale, "Huyu babu akae hapa. Nitakuwa napita kumwangalia."

Kijiji cha wazee ndicho alichokaa baba yangu. Alitoka nyumbani kwake akanikuta mlangoni nimeletwa kama zawadi, na kichwa changu cheupe. Niwaambie pia kwamba baba, pamoja na wajukuu wote aliokuwa nao kwa kaka zangu, kichwa chake kilikuwa cheusi tii, hata unywele mmoja mweupe hakuwa nao. Askari alipoondoka akasema tu, "Ingia ule."

Hivyo nikaanza kuwa mzee, na uzee wa kupaka ni kazi kubwa kuliko kulima bonde. Subilaga hakuweza kunifuata kwa sababu ya baba, kwa hiyo nilibaki bila mke. Jasho likitoka, shingo yangu inakuwa na michirizi kama ukuta ulionyeshewa. Nikijikuna, chakula cha watu kinapata unga. Mvua ikitishia nakimbilia ndani (mzee wa mkongojo anakimbia, fikirini wenyewe). Nikachanganya udongo na maziwa ili ushike, nzi wakaniheshimu kuliko binadamu. Kila siku ya soko nilihitaji donge jipya, na Bibi Sekela, alipoona sina pa kwenda, akaacha kutaka kuku akaanza kutaka mpunga. Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, ila mimi kuoga ndiko kulikokatazwa.

Mwishoni nikavuka mpaka Ikombe kumlilia. Siku hiyo walikuwa wanachoma vyungu. Sijawahi kuona kitu kama kile: nyasi na kuni zimerundikwa, moto ukapanda mpaka hewa ikatetemeka, na zilipoporomoka zile nyasi vyungu vikaonekana ndani vyekundu vikiwaka kwa mwanga wao wenyewe, wanawake wamenyamaza, hata mimi mwongo nikajikuta nimeweka fimbo chini. Nilijiona mdogo sana. Bibi Sekela akaniona nimeduwaa, labda akanihurumia, akaniambia nichanganye udongo na utomvu wa mkuyu, ule ule ambao watu hutega nao ndege, halafu nikauke karibu na moto.

"Hautatoka?" nikauliza.

"Wewe unataka utoke au usitoke?"

Nikasema usitoke. Akanipaka mwenyewe.

Na haukutoka. Kwa wiki kadhaa nilikuwa mzee kamili, na hapo ndipo nilipoiona nguvu ya kichwa cheupe, jamani, mpaka leo nikikumbuka nastaajabu. Watu wasionijua, waliokuwa wakubwa kwangu, waliniinukia. Wanawake wa mbali waliinama njiani mpaka nipite. "Ugonile, tata," wananiamkia, na tata kwetu ni baba. Nilipofungua mdomo watu walinyamaza, hata kama nilitaka kupiga mwayo tu. Siku moja ndugu wawili waligombea mpaka wa shamba la migomba, wakaniomba niseme neno, nikasema gawaneni, wakagawana. Niliona aibu iliyochanganyika na utamu, na utamu ukazidi.

Sasa siku yenyewe. Nilikwenda soko la Lyulilo pamoja na baba, yeye amebeba ndizi, mimi nimebeba fimbo. Mitumbwi ya Ikombe ilikuwa imefika, vyungu vimepangwa mchangani toka majini mpaka njiani. Subilaga naye alikuwepo, amekaa nyuma ya vyungu vya Bibi Sekela, uso ameuelekeza ziwani ili asikutane na mkwewe. Tulikuwa hatujazungumza siku nyingi. Nilikaa kwenye kigoda nilichopewa na mtu wa makamo, nikawa natafuta namna ya kumpita karibu.

Askari wakatokea njia ya juu. Wapagazi walikuwa wamepungua, wakafunga njia zote, na yule mwenye kovu akaanza kuchagua. Akafika kwetu.

"Shikamoo babu. Bado upo?"

"Marahaba," mdomo wangu ukajibu wenyewe.

Kisha akamgeukia baba, akamtazama kile kichwa cheusi, kifua, mikono ya kulima, halafu akanitazama mimi, na pua zetu ni moja, haijifichi. Uso wake ukachanua.

"Kumbe huyu ndiye mwanao aliyekimbia."

Nilikosa sauti. Nawaambia kweli, niliitafuta sikuipata. Baba akinikana, mimi ninakwenda na viboko juu. Akikubali, anakwenda yeye, na umri ule, milima ile, asingerudi. Askari akamuuliza, "Wewe. Huyu ni baba yako?"

Baba akatua mkungu wa ndizi polepole. Akanitazama, akasema, "Ndiye." Kisha, mbele ya soko zima, mbele ya watu waliomjua tangu utoto, akashuka chini kwa magoti yake mawili kama tunavyofanya kwa waliotuzaa, akainamisha kichwa, akatamka neno letu la shukrani na heshima, "Ndaga, tata."

Hakuna aliyecheka. Soko lilinyamaza kama Ikombe ule moto ulipoporomoka. Nimeishi sana, nimeona meli ikichomwa majini na milima ikimeguka kwa mvua, lakini sijaona kitu kikubwa kama magoti ya baba yangu yakishuka mchangani kwa ajili yangu mimi, mpumbavu niliyekaa kwenye kigoda.

Walipomtia kamba ndipo sauti ikarudi. Nikaruka nikasema mimi ndiye kijana, huyu ni baba yangu, nifungeni mimi. Askari akanisikitikia. "Uchungu wa mwana," akawaambia wenzake. Nikakimbilia ziwani nikazamisha kichwa, nikasugua kwa mchanga kwa nguvu zangu zote, na ule utomvu wa mkuyu, uliokataa kutoka, ukakubali kulainika kidogo tu, ukaudaka mchanga wote. Nikaibuka kama samaki aliyeangushwa ufukweni. Hapo sasa walicheka. Nikanyanyua gunia la mpunga la mtu, nikazunguka nalo mbio mara mbili kuonyesha ujana wangu. "Mnaona," askari akasema, "uchungu wa mwana unampa mzee nguvu." Nikawaonyesha meno yote, jino moja baada ya jingine. Wakasema babu ana bahati ya meno.

Wakamwongoza baba kwenda njiani, na njia ilipita katikati ya vyungu. Subilaga, kwa zile kelele zangu, alikuwa ameinuka kutazama. Alipogeuka akakuta baba mkwe wake analetwa mbele yake, hatua tatu tu. Hakufikiri, maana mambo hayo kwetu mwili ndio unaoyajua. Alijifunika kichwa akajitupa chini, na chini palikuwa na vyungu vikubwa vya Bibi Sekela. Tulisikia vinavunjika kimoja baada ya kingine.

Askari akasimama. "Huyu mwanamke anamkimbia nani?"

Watu wakaangalia miguu yao. Lakini Bibi Sekela alikuwa ameshika vigae vya kazi yake mkononi, na uchungu ulimzidi.

"Anamkimbia mkwewe," akasema. "Huyo uliyemfunga."

"Na mumewe?"

Akaninyooshea kigae.

Yule askari akafikiri, akamwambia Subilaga ainue uso anitazame. Akainua. Akanitazama machoni bila kujificha hata kidogo, kama mke kwa mumewe, machozi yanamtoka, na nilijua analia kwa sababu anajua macho yake ndiyo yanayonifunga.

Askari akageuka pole pole. Nilingoja kiboko. Badala yake alianza kucheka, akacheka mpaka akakaa kwenye kile kigoda changu, akapangusa macho na kusema, "Mtoeni huo uzee." Bibi Sekela ndiye aliyenitoa, kwa kigae cha chungu chake mwenyewe, bila maji na bila huruma, kipande baada ya kipande, na mvi zangu zikatoka pamoja na nywele na ngozi kidogo. Nilibaki na kichwa chenye mabaka. Wale ndugu wawili wa mpaka wa shamba walikuwepo, na mmoja akasikika akisema basi turudi tukapime upya.

Wakamfungua baba, wakanifunga mimi mikono nyuma. Nilidhani baba ataondoka kwa hasira, na ningempa haki. Alikwenda kwenye mkungu wake, akakata ndizi mbivu, akarudi, akamwambia askari, "Ngoja ale. Njia ni ndefu." Akaimenya, akanilisha kipande kwa kipande kama mtu anavyolisha mtoto, mimi mwanamume mwenye mke, mbele ya watu wote. Nilikula huku nalia. Akamenya nyingine.

Nilibeba mizigo yao misimu miwili nikarudi mzima, kwa neema tu, nikamkuta baba na Subilaga wananingoja, kila mmoja kwenye kijiji chake. Tangu siku ile sijapaka kitu kichwani mwangu zaidi ya mafuta, na sitapaka, aje mtu na dawa nyeupe, nyeusi au nyekundu. Na mpaka baba alipofariki, sikuwahi kukaa tena kwenye kigoda akiwa yeye amesimama.