Dirisha la Laban Ndunda

Mwaka ule mawingu ya Julai yalishuka juu ya vilima vya Iveti yakakataa kuondoka. Katika shule ya misheni alikosoma Laban Ndunda kulikuwa na hadubini moja tu, ya shaba, isiyojua umeme ni nini. Chini yake palikuwa na kioo kidogo cha kuukamata mwanga wa jua na kuupandisha hadi kwenye jicho la mtazamaji. Jua lisipotoka, hadubini iligeuka pambo la mezani. Wavulana wenzake walichoka kungoja, wakaenda kupiga mpira katika matope. Laban alibaki dirishani, sweta imemfupia mikono, kidole chake kikikigeuza kile kioo huku na huku. Alasiri moja mawingu yakapasuka kwa muda mfupi sana, naye akaona ngozi ya kitunguu imejipanga vyumba vyumba kama matofali ya ukuta wa kanisa. Bruda, mtawa wa misheni aliyewafundisha sayansi, alisimama nyuma yake, akamwambia kwa upole, "Ndunda, leo umeyapata macho yako." Maneno hayo Laban aliyatunza maisha yake yote.

Alipokuwa mtu mzima aliajiriwa katika maabara ya hospitali ndogo ya misheni, nje kidogo ya mji wa Machakos. Meza yake aliiweka chini ya dirisha la mashariki. Hadubini zilikuwa zimeshapata taa zake za umeme, lakini umeme ulikuwa mgeni asiyeaminika, na Laban hakuacha kulipenda jua. Kwenye kizingiti cha dirisha lile alianika vioo vyembamba vilivyopakwa damu au makohozi vikauke kabla ya kutiwa rangi. Miaka ikapita, ikawa desturi ya nyumba nzima: chochote kinachomngoja Laban huwekwa dirishani. Madaktari walipoona shaka walikuja wenyewe hadi kwenye kiti chake. "Mzee, hebu tutazamie." Naye alitazama, bila haraka, na alilolisema ndilo lililoandikwa.

Mwaka 2004 ikaja mashine ya kuhesabu CD4, zile seli za damu zinazoukinga mwili. Wakati ule dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI ndiyo kwanza zilikuwa zinafika mashinani, na daktari hakumwanzishia mgonjwa dawa kabla ya kuijua hesabu yake. Ilihitajika mtu mmoja wa kwenda Nairobi kujifunza kuiendesha. Laban alifua koti lake jeupe, akalipiga pasi mwenyewe, akangoja kuitwa. Aliyeitwa ni Mutanu.

Mutanu alikuwa amefika pale msichana asiyejua kushika kioo bila kukiachia alama ya kidole. Laban ndiye aliyemfundisha. Mutanu alirudi kutoka Nairobi na koti jipya lenye jina lake limedariziwa kifuani kwa uzi wa samawati, na tangu siku hiyo Laban kila alipoliona koti lile aligeuza macho. Daktari Kilonzo, mkuu wa hospitali, aliingia kila asubuhi akapita nyuma ya kiti cha Laban, "Habari, Mzee," na miguu yake haikusimama hadi kwenye chumba kidogo cha mashine. Wauguzi nao hivyo hivyo.

Siku moja Mutanu aliwakusanya wauguzi awaeleze kazi ya mashine, na Laban, kichwa kimeinamia hadubini, alisikiliza kila neno.

"Mnajua kishonanguo?" Mutanu aliuliza. "Ile mbegu ya shambani inayoganda kwenye sketi?"

"Tunaijua, inatusumbua sana!"

"Basi seli ya damu, huko juu kwenye ngozi yake, iko na vipokezi. Hatuvioni. Sasa tunatia kingamwili, ambazo ni kama kishonanguo kinachochagua nguo: hii inashika kipokezi cha CD4 tu, kingine haikishiki. Na kila moja imebebeshwa rangi inayowaka ikipigwa na mwali wa leza. Seli zinapita moja moja mbele ya mwali, kama ng'ombe kwenye josho, na mashine inahesabu zile zinazowaka."

Wauguzi walicheka, wakaelewa. Kilichomuumiza Laban si kwamba Mutanu alijua asichokijua yeye. Kilichomuumiza ni kwamba ile namna ya kufundisha, ya kuanzia shambani na kumalizia kwenye kioo, ilikuwa yake. Amechukua hata mdomo wangu, alijiambia.

Nyumbani mkewe, Mbula, alimwona anausukuma ugali huku na huku kwenye sahani.

"Baba Kanini, umeacha kula kwa sababu ya nani?"

"Hakuna."

"Ni Mutanu?"

"Mutanu ni mtoto. Ni hiyo mashine. Watu wanaiendea kama mganga."

Mbula aliweka kijiko chini. "Ngoja nielewe vizuri. Ningekuwa na mke mwenza ningejua pa kumshikia. Lakini bwanangu ameonea wivu friji yenye taa! Nikienda kanisani niwaambie akina mama waombee nini?" Akacheka hadi akafuta machozi kwa leso. Laban hakucheka. Alitaka kiti kile, na hakuona aibu kukitaka. Aliona aibu kwamba kilimnyima usingizi.

Ikafika siku ya Februari ambayo Daktari Kilonzo alikuwa ameitenga ili kuijaribu mashine kwa damu ya wagonjwa wenyewe, wengi wao wametoka vijiji vya Kalama. Mutanu alichanganya damu na kingamwili, akaviingiza vichupa kwenye droo, akaifunga. Kisha akaitwa wodini kutafuta damu ya kumwongezea mama aliyejifungua, na Laban akabaki peke yake na ile droo.

Hakukusudia ubaya. Alitaka kuona. Kama kweli kuna kitu kinachowaka mle, jicho lake, lililoona wadudu wa malaria ambao madaktari waliapa hawapo, litashindwaje kukiona? Alivitoa vichupa, akavipeleka dirishani, akaviinua kimoja kimoja mbele ya jua. Damu, nyekundu, ya kila siku. Alidondosha tone kwenye kioo, akakitia chini ya hadubini. Hakuna kilichowaka. Ndipo muuguzi akaingia mbio na damu ya mtoto mwenye degedege, na Laban, bila kufikiri, akafanya alichokuwa akikifanya maisha yake yote: akaviacha vichupa dirishani, akaishughulikia damu ya mtoto. Jua la Februari halina huruma. Alipovikumbuka, vilikuwa vimepata joto la chai. Alivirudisha upesi ndani ya droo, akaifunga kama ilivyokuwa, kwa kuwa hakutaka Mutanu ajue kwamba mwalimu wake amechungulia kazi yake.

Mashine haikutoa hesabu. Nukta zilizopaswa kugawanyika makundi mawili kwenye skrini zilisongamana pembeni kama mchwa. Mutanu alirudia mara ya pili, ya tatu. Daktari Kilonzo alisimama nyuma yake amekunja mikono.

"Mashine ni mbovu au fundi?"

"Sijui, Daktari. Nimefanya vile nilifundishwa."

"Wale watu wa Kalama itabidi tuwatoe damu tena, na wengine hawana siku za kupoteza." Akageuka. "Mzee Laban, kuanzia Jumatatu wewe ndiye utakayekaa hapa. Mutanu atakuonyesha, kisha arudi kwenye vioo."

Ndivyo Laban alivyokipata kiti. Alijibu, "Sawa, Daktari," na furaha ikampanda kifuani kabla hajaweza kuizuia.

Mutanu alimfundisha Ijumaa yote, pasipo kinyongo. Alipofika kwenye droo alisema, "Mwalimu, hapa ndipo pa kuangalia. Ukishatia kingamwili, kila kitu kikae gizani. Ile rangi ni kama leso nzuri: ukiianika juani inachujuka. Ikichujuka, leza haina cha kuwasha, na mgonjwa anaonekana hana seli au hatuoni kitu."

Laban alilitazama dirisha lake.

Mchana huo huo akaja Ndunge, mama wa Kalama, akaketi benchini na mkono ameshaukunjua. "Damu yangu ya juzi mmefanyia nini, mwaitu, mama yangu?" alimuuliza Mutanu. "Mmepikia mboga? Mimi hata hii imebaki nabeba kwa shida."

"Pole, mama. Ni makosa yangu," Mutanu alisema, akimfunga mpira mkononi.

Laban alilisikia neno hilo akiwa ameketi kwenye kiti kipya. Kilikuwa kiti kizuri, cha kuzunguka, na hakikukalika.

Jumamosi alishuka mjini hadi kwenye duka la vifaa vya ujenzi la Abdiwahab, akaomba kopo la rangi nyeusi.

"Ya geti?" Abdiwahab aliuliza.

"Ya dirisha."

"Vioo? Mzee Laban, miaka yote unaniambia jua, jua. Umefuga popo?"

"Nipe na brashi."

Jumatatu Daktari Kilonzo alikuta dirisha la mashariki limepakwa jeusi kutoka kizingitini hadi juu, na Laban amesimama mbele yake, vidole vimechafuka.

"Mzee, hii ni nini?"

"Vichupa vya Mutanu ni mimi niliyevianika hapa, Daktari. Yeye alivifungia vizuri. Nilivitoa nione, na nilinyamaza kwa sababu nilikitaka kiti chake." Akamgeukia Mutanu. "Keti, mama. Mimi nitakaa na vioo vyangu, kule kwenye taa."

Daktari akamtaka aandike barua ya maelezo, naye aliiandika. Mutanu alisema tu, akikivuta kiti, "Mwalimu, si ungeniuliza? Ningekuonyesha wewe wa kwanza."

Siku hiyo nukta ziligawanyika makundi mawili, na Ndunge akapata hesabu yake na dawa zake. Laban aliitwa aje kuona. Alitazama, akakiri kwamba ni jambo zuri, na wivu ulikuwa bado upo. Aliondoka nao, akarudi kwenye meza yake.

Alistaafu mwaka 2006. Mara ya mwisho kuonekana pale ilikuwa Desemba ya mwaka uliofuata. Alikuja asubuhi na kopo na brashi, akamsalimu Mutanu, akapaka upya sehemu za dirisha ambako rangi ilikuwa imebambuka na mwanga ulikuwa unapenya. Akaosha brashi bombani, akaenda zake.