Gita Lililonata

Kaka yangu alimimina mafuta juu ya gita la mwalimu kama mtu anayetaka kukaanga sambusa. Nilikuwa nimesimama mlangoni na bakuli la uji wa baba mkononi, nikamwambia, "Kaka, hayo ni mengi. Futa."

"Mbao inakunywa," akasema. "Iache inywe."

Hapo Biryogo, mtaa wetu wa mjini, baba alijulikana kwa vitanda na milango, lakini kila mwaka alitengeneza pia magita mawili matatu kwa ajili ya kwaya za makanisa, ingawa sisi wenyewe tulikuwa Waislamu. Tangu nina miaka tisa, kazi ya mwisho ilikuwa yangu: msasa laini, kitambaa na mafuta ya kitani. Kaka yangu alikuwa akishinda gereji. Alirudi karakana baba alipopata kiharusi, mwaka wa pili wa vita vya kaskazini, nikiwa na miaka ishirini na miwili. Mkono wa kulia wa baba ulikufa na mdomo ukapinda kidogo, lakini maneno alibaki nayo. Aliyasema polepole na yalieleweka.

Gita lile lilikuwa la mwisho alilolichonga kwa mikono yake miwili. Mgongo na mbavu ni mbao nyekundu ya Zaire, uso ni mbao nyeupe. Lilikuwa la mwalimu mmoja wa Kicukiro aliyeongoza kwaya ya parokia yao. Kilichobaki ni mafuta tu, na mafuta yenyewe yalikuwa chupa moja, kwa sababu malori yalikuwa yakichelewa njiani na dukani hayakupatikana tena. Kaka yangu alimaliza nusu ya chupa ile asubuhi moja, kisha akalitoa gita juani likauke haraka.

Mwalimu alipokuja, lilikuwa na michirizi kama kioo cha gari kilichofutwa kwa tope. Alipitisha kidole mgongoni mwa gita, kidole kikanasa.

"Yewe! Iko inanata," akasema. "Nani alifanya hii kazi?"

Kaka yangu hakusita hata kidogo. "Ni huyu dada yangu. Nilimwambia asiguse, akagusa. Unajua wasichana."

Mwalimu akanitazama kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko kama angenitukana. Nikamgeukia baba. Alikuwa kwenye kiti chake pale pale, hatua tatu kutoka kwetu. Alikuwa amekaa pale asubuhi ile ya mafuta pia, ameona kila kitu. Nilimngoja aseme. Baba akatazama mikono yake.

"Rudi baada ya wiki mbili, mwalimu," nikasema. Sauti yangu ilitetemeka, na najua walidhani ni aibu.

Siku hiyo hiyo nililichukua gita nikaenda nalo uani. Kaka yangu akasema niliache. Nikamwambia akiligusa tena nitamwagia hayo mafuta yaliyobaki kichwani. Hakuwahi kunisikia nikisema hivyo, wala mimi sikuwahi kujisikia.

Nilianza kwa tapentaini, nikifuta utando ule uliokuwa umeganda kama gundi. Kisha nikashika msasa, nikasugua kwa hasira, mbele na nyuma, kushoto na kulia, huku moyoni nikimjibu kaka yangu kila neno. Niliposimama kupumua nikaona nimekwaruza mgongo wa gita kwa kukata uzi wa mbao, ile mistari yake ya asili. Kosa la mtu asiyejua kazi! Nikalia, kisha nikaanza upya, safari hii nikifuata uzi wa mbao. Ilinichukua siku mbili kuondoa mikwaruzo yangu mwenyewe.

Nikalipitishia kitambaa chenye maji kidogo ili vinyweleo vya mbao visimame, nikangoja likauke, nikavikata kwa msasa laini kabisa. Halafu mafuta: kiasi cha kijiko, kwenye kipande cha fulana kuukuu, sehemu ndogo ndogo. Unangoja robo saa, kisha unachukua kitambaa kikavu na kufuta yote, yote, mpaka uone kama hujapaka kitu. Mafuta yanayobaki juu ndiyo yanayoleta michirizi. Nililiinua kuelekea mwanga, nikilizungusha, na kila palipong'aa peke yake nilipafuta tena. Kilikuwa kipindi cha mvua, hewa nzito, kwa hiyo kila mkono wa mafuta, yaani kila tabaka, niliupa siku mbili kivulini. Nilipaka mikono minne. Mbao nyekundu ikawa na rangi ya chai isiyo na maziwa, sawasawa toka shingoni hadi chini.

Mwalimu akarudi. Kaka yangu alimwahi mlangoni, akampa gita yeye mwenyewe.

"Hapo sawa," mwalimu akasema, akilipapasa. "Umetengeneza vizuri kosa la dada yako."

"Mwalimu," nikasema, "aliyeharibu ni yeye. Aliyetengeneza ni mimi. Muulize baba, alikuwepo."

Mwalimu akamtazama baba. Baba akasema, polepole, kila neno likisikika: "Watoto wangu wote wawili wanafanya kazi."

Mwalimu akashukuru, akaondoka na gita lake.

Jioni, nikimnywesha uji, nilimuuliza kwa nini. Hakujificha. "Wewe utaolewa," akasema. "Karakana itabaki kwa kaka yako. Watu wakijua hajui kazi, nani ataleta kazi hapa?"

"Na mimi je, baba?"

"Wewe unajua kazi," akasema, kana kwamba hilo ndilo jibu.

Nilimaliza kumnywesha, nikamfuta kidevu. Wiki iliyofuata nilikwenda kwa fundi mmoja wa makabati kule Nyamirambo, nikamwomba anijaribu kwa mlango mmoja wa kabati. Alinipokea siku hiyo hiyo. Niliendelea kurudi nyumbani kila jioni kumlisha baba, lakini karakanani sikuingia tena. Baba alifariki kabla ya vita kufika mjini. Nililia sana, na bado nilikuwa nimemkasirikia. Leo mimi ni mzee kuliko alivyokuwa yeye, na bado hasira haijaisha.